Nyota tatu kwa bunge la kaunti, na zote ni za chumba cha kamati

Nina mashine ya kusaga unga, na kila Mswada wa Fedha wa kaunti ukipita, mimi ni mmoja wa wanaolipa. Leseni ya biashara, ada ya ukaguzi wa moto, cheti cha afya, na ada ya kibao cha jina la duka, kibao nilichokichora mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango. Basi nimeona ni haki yangu kuikagua bidhaa ninayoilipia. Kaunti siitaji kwa jina, maana leseni ya mwaka ujao bado naihitaji.

Kuingia ni bure. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, na vikao vyake pamoja na vya kamati zake viwe mbele ya umma. Langoni sikusumbuliwa. Kijana mwenye sare aliniambia, "Mama, kitambulisho kinabaki hapa, simu unazima. Na hicho kikapu?" Nikamjibu kina unga wa wimbi, mwanangu, naupeleka kwa mteja nikitoka. Akafungua, akanusa, akauliza bei. Kwenye mapokezi sina lalama.

Shida inaanza ukishaketi kwenye jukwaa la wageni. Viti vina mto, kiyoyozi kinakutafuta mifupa, lakini vipaza sauti vinakoroma na ripoti inayojadiliwa huna. Unasikia tu, "Jedwali la Pili, kipengele cha nne, tarakimu ifutwe na nyingine iwekwe," wote wanaitikia ndiyo, na ada ya mtu imepanda bila wewe kujua ni ya nani. Wengi husema Kiingereza. Kanuni zinaruhusu Kiswahili, ila ukianza na lugha moja sharti umalize nayo. Mheshimiwa mmoja alipochanganya, mwenzake akasimama kwa hoja ya nidhamu, na dakika zikaenda na maji. Nyingine nyingi zilikwenda kwenye paa la shule ya upili lililong'olewa na upepo. Nawahurumia wanafunzi, lakini shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti chekechea, malezi ya watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Spika anajua, waheshimiwa wanajua, na bado paa lilijadiliwa mpaka jua likageuka.

Nilimwona pia mteule wa uwaziri wa elimu wa kaunti akipigwa msasa, yaani akihojiwa kabla ya kuidhinishwa. Mambo ya vyeti, mali na ushuru yaliulizwa moja baada ya jingine, na yeye alikuja ameyakariri kama sala. Chekechea walimuulizia mara moja tu: ana mpango gani? Akasema ataboresha. Wakaandika. Mwenye pingamizi ajue kwamba sheria inamruhusu kumpelekea karani wa bunge maelezo yake mapema, kwa hati ya kiapo. Ukingoja siku yenyewe unyooshe mkono jukwaani, utatazamwa tu.

Sasa twende kwenye kamati, ambako ndiko kuna biashara yenyewe. Chumba ni kidogo, meza ndefu, chai ya maziwa, na mwenyekiti wa kamati ya fedha ni mama aliyesoma makaratasi yake, jambo lililonishangaza kwa furaha. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza ofisa wa hazina: ada ni malipo ya huduma, mimi nimelipia ukaguzi wa moto miaka yote na mkaguzi hajawahi kuiona mashine yangu, je, nimelipia nini? Mwenyekiti akamgeukia: mmekusanya kiasi gani, na wakaguzi ni wangapi? Ofisa akasema ataleta kwa maandishi. Ripoti ilipotoka ilikuwa na sentensi moja, kwamba ada hiyo ilipwe baada ya ukaguzi. Ukumbini ilipita bila mtu kuitaja.

Kusikilizwa huku hakukuja kwa hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo kila kaunti inalithamini daftari la mahudhurio. Tena wakati mwingine inalithamini kuliko maneno yako. Weka sahihi ukishasema, si kabla.

Bajeti ya elimu ndiyo niliyoijua zaidi, kwa sababu ina unga ndani. Fungu la uji wa chekechea lilikuwa tarakimu moja nono, bila idadi ya watoto wala ya siku. Kikombe cha mtoto kinakula kama gramu 40 za unga, kwa hiyo kilo moja ni vikombe 25. Muuza unga yeyote huanzia hapo. Nikauliza vikombe ni vingapi. Ofisa akafunua kurasa, akazirudisha, akafunua tena. Akaambiwa alete idadi ya watoto wadi kwa wadi. Alipoileta, ikaonekana fungu zima lingetosha muhula mmoja na kitu kidogo. Wakaongeza, lakini fedha walizitoa kwenye ukarabati wa vyuo vya ufundi. Fungu la safari za mafunzo za waheshimiwa, kurasa tatu mbele, halikuguswa, na nilipolitaja muda wangu ukawa umekwisha.

Mwenye haja na shule aende mwezi wa Mei: makadirio hufika bungeni kufikia Aprili 30 na bajeti hutakiwa ipite kabla ya Juni 30. Mwenye haja na ada asubiri, maana Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya matumizi kuidhinishwa. Yaani wanapanga kula kwanza, kisha wanamtafuta wa kulipa.

Ukumbi mkuu siupi nyota hata moja. Kamati naipa tatu. Ya nne wangeipata wangetoa ripoti japo siku moja kabla ya mjadala. Kwetu kamati ya fedha hukaa asubuhi. Ulizia ofisini kwa karani, kwa kuwa tangazo la gazetini hutoka siku zikiwa zimebaki chache. Chai ya kamatini wageni hupewa, mandazi ni yakibaki. Maegesho ni ya waheshimiwa. Boda itakushusha nje ya lango.