Uzoefu wangu kwenye boti ya kambakoche, Portland, Maine

Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika, ili msisimko wa siku ile utulie kwanza. Maoni yangu hayajabadilika. Kama uko Portland, jimbo la Maine, Marekani, na dola 50 haziwezi kukuvuruga bajeti, panda boti ya kambakoche kabla hujaagiza sahani yake mezani.

Tuliondoka gatini saa 4 asubuhi, abiria kumi na wawili, nahodha na baharia mmoja. Safari ni ya saa moja na nusu. Unapewa ovaroli ya mpira na glovu, kisha unapewa kazi: kusindilia chambo kwenye vifuko vya wavu. Chambo chenyewe ni samaki aina ya heringi waliotiwa chumvi, na harufu yake inakuganda mikononi hadi jioni hata ukivaa glovu. Mwenye tumbo jepesi ajiandae.

Ghuba ya Casco imejaa maboya ya kila rangi, na mwanzoni niliona ni mapambo tu. Nahodha akatueleza kwamba kila mvuvi ana rangi zake, na boya la rangi hizohizo lazima lionekane kwenye boti yake, ili anayepita ajue kwamba anayevuta dema, yaani mtego uliofungwa kwenye boya hilo, ndiye mwenyewe. Kugusa dema la mwenzio ni kosa la jinai. Madema ya huku ni ya waya na yana vyumba. Kimoja wavuvi wanakiita jiko, ndiko chambo kinakoning'inia, na kingine sebule, ambako kambakoche akishaingia hapati njia ya kurudi. Ila sebuleni wameacha tundu kwa makusudi ili wadogo wajitokee zao.

Tulivuta madema kumi, tukapata kambakoche 31. Waliobaki botini ni wanne.

Hapo ndipo safari hii ilipoanza kunigusa. Kila mmoja aliyetoka demani alipimwa kwa rula ya shaba, kuanzia kwenye tundu la jicho hadi mwisho wa gamba la mgongo. Asiyefika inchi 3¼ anarudi majini. Anayezidi inchi 5 naye anarudi, kwa sababu mkubwa ndiye mzazi bora. Niliona kambakoche mnene kweli, mwenye gando pana kama kiganja changu, akirudishwa bila hata kujadiliwa.

Dema la saba lilitoa jike mwenye mayai. Nahodha alimgeuza chali atuonyeshe. Chini ya mkia mayai yalikuwa yamebanana kama punje za ulezi, meusi yenye ukijani, maelfu kwa maelfu. Akachukua kifaa kidogo, akamkata pengo la umbo la V kwenye pezi la mkia. Huyu hata akikamatwa tena akiwa hana yai hata moja, mvuvi atakayeliona pengo lile ni lazima amrudishe. Kisha akanikabidhi mimi nimshushe. Nilimshika mgongoni kama nilivyoelekezwa, mkia ukanipiga mara mbili kiganjani, nikamwachia taratibu akazama kinyumenyume. Nimekula vyakula vya baharini maisha yangu yote na sijawahi kumwona mvuvi akimtia alama kiumbe ili mvuvi mwingine, asiyemjua, amhurumie.

Sasa kasoro, maana zipo. Injini ina kelele na hakuna kipaza sauti, kwa hiyo waliokaa nyuma walikosa nusu ya maelezo. Lililoniudhi zaidi ni kwamba mwishoni walituuzia kambakoche bila kutuambia ni wa gamba laini. Wakati wa kiangazi wengi wanakuwa wamejivua gamba. Gamba jipya linaacha nafasi kubwa ndani, nafasi hiyo inajaa maji, na nyama unayopata ni kidogo kuliko uzito unaolipia. Si kosa kuwauza, na nyama yao ni tamu kweli, lakini mteja aambiwe.

Nilinunua wawili. Mmoja nilimpeleka kwenye jiko moja la pale gatini linalokupikia kwa ada ndogo, wakamchemsha kupita kiasi hadi mkia ukawa wa kutafuna kama mpira. Wa gamba laini anaiva haraka kuliko wa gamba gumu, na wapishi walio hatua chache tu kutoka kwenye boti walipaswa kulijua hilo. Wa pili nilimpika mwenyewe jioni kwa mvuke wa maji ya bahari niliyoyachota kwenye chupa, nikamtoa mapema, nikamla na siagi peke yake. Nyama ya gando ilikuwa laini, na chumvi yake ilikuwa ileile ya bahari. Ile rojo ya kijani iliyo kifuani niliiacha. Mamlaka ya afya ya Maine inashauri isiliwe.

Kwa boti natoa nyota nne kati ya tano. Jiko lile siwezi kulipendekeza.

Jambo moja la ratiba: kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Maine inakataza kuvuta madema kutoka saa 10 jioni ya Jumamosi hadi karibu na macheo ya Jumatatu. Usikate tiketi ya Jumapili ukitegemea kuona uvuvi. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, na uombe kukaa karibu na nahodha.