Kadi Mpya ya Michoro au Laptopu ya Gemu ya Bei Nafuu?

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei ya chini Kisumu ni mitumba ya ofisi, na hapo ndipo kadi ya michoro, kifaa kinachochora picha za gemu, hukwama. Fungua kasha kwanza, usome lebo ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Za kompyuta nyembamba mara nyingi hazifiki wati 300, wala hazina waya wa pini 8 wa kuipa kadi umeme. Kadi ya RTX 3060 peke yake hula wati 170, na mtengenezaji wake, Nvidia, hupendekeza pawasaplai ya wati 550. Ukilazimisha, mashine itajizima gemu ikipamba moto. Afadhali RTX 3050 yenye memori ya GB 6: wati 70 tu, zote kutoka kwenye sloti inamochomekwa. Kwa kasha jembamba, dai toleo la kimo kifupi na bamba lake la nyuma, la sivyo kadi haiingii.

Laptopu ina betri: stima ikipotea haizimiki, ingawa kasi ya gemu hushuka. Lakini chipu yake ya michoro imechomelewa kwenye ubao wake, haibadilishwi. Joto la ziwani nalo huipunguzia kasi; iinue nyuma, safisha feni.

Mwenye kasha pana na skrini tayari, anunue kadi. Mwanafunzi wa Maseno anayehamahama, laptopu.