Eko ya moyo upande wa kulia: kliniki niliyompeleka mama, Dar

Anayetafuta sehemu ya kupimiwa eko, yaani ultrasound ya moyo, asome hapa. Jina la kliniki nimeliacha maana nina malalamiko pia, ila kipimo chenyewe walikifanya vizuri mno.

Mama aliwahi kuugua TB akapona, lakini siku hizi akipanda ngazi kidogo tu anahema, na jioni miguu imevimba. Kwingine alishapimwa wakaandika EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo, 60%, moyo uko sawa, nendeni. EF ni ya upande wa kushoto jamani! Mapafu yakibaki na makovu mishipa yake inabana, na anayeteseka kusukuma damu humo ni upande wa kulia.

Dada wa eko wa hapa alimwamkia mama shikamoo, akamlaza ubavu wa kushoto, akapaka geli na wala hakuwa na haraka. Akanionyesha kwenye skrini chumba cha kulia kimetanuka kuliko cha kushoto na ukuta wa katikati umesukumwa, mpaka cha kushoto kinaonekana kama herufi D. Akaweka dopla, ile ya kupima kasi ya damu, kwenye vali ya kulia inayovuja, kasi mita 3.6 kwa sekunde, unaizidisha kwa yenyewe halafu mara 4, inakuja presha kama 52 (mmHg). Kisha akashusha probu, kile kifaa cha kupimia, chini ya kifua, "mama nusa haraka kwa pua", ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni ulitakiwa kusinyaa zaidi ya nusu, umejaa tu vilevile, basi wakajumlisha 15 kwa ajili ya presha ya huko. Presha ya mapafu 67 hiyo! Na TAPSE, yaani vali ya kulia inavyovutwa moyo ukijikaza, milimita 14, wakati chini ya 17 ni udhaifu.

Daktari alisema wazi haya ni makadirio, uthibitisho ni mrija unaopitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni, akaandika rufaa ya JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili na dawa ya kupunguza maji. Nimempenda kwa hilo.

Sasa malalamiko. Eko ina bei yake na kusomewa na daktari bei nyingine, mapokezi hawasemi mpaka umeshapimwa, na mtu umekuja na hela ya kuhesabu. Foleni nayo ndefu, wagonjwa wanaohema wamekaa kwenye mabenchi bila feni. CD ya picha hawatoi mpaka uombe, kwa hiyo iombeni siku hiyohiyo kabla hamjatoka.