Usiku wa darubini Mikindani, buku tano yangu imelipa

Wakuu habari za huku Kusini. Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa darasa la tano Mikindani, kuna kijana anatandika mikeka pale ufukweni na kuweka darubini yake, mkubwa buku tano mtoto buku mbili. Nimeona niandike maana tangu tutoke pale sijaacha kuwaza.

Yaliyonikera kwanza. Tuliambiwa saa moja na nusu, tukaja kuanza saa tatu kasoro na watoto washaanza kusinzia. Darubini ni moja na watu tulikuwa kama ishirini, ukiweka jicho kidogo tu wa nyuma anakuuliza bado. Upepo wa bahari ukija kile kistendi kinatikisika nyota inarukaruka. Na mbu wapo, beba kanga ya kujifunika.

Ila yule kijana kueleza anajua jamani. Kaanza na Alpha Centauri, ile kali iliyo jirani na Msalaba wa Kusini, kwa macho ni moja ukichungulia zinakuwa mbili kabisa. Akasema mwaka 2025 walitangaza dalili za sayari kubwa ya gesi pale ila haijathibitishwa. Halafu akatugeuza kusini mashariki kwenye kanyota kadogo kanaitwa Epsilon Indi, kwa macho unakapata ukitulia, kwenye darubini kana rangi ya chungwa. Akasema wazi, sayari yake hamtaiona humu, mtu asiwadanganye. Hapo ndo nikamwamini.

Kumbe hiyo sayari imepigwa picha na James Webb, ile darubini iliyorushwa anga za juu, picha zikatoka 2024. Uzito wake kama mara sita ya Mshtarii (Jupiter) na joto lake ni nyuzi 2 hivi, yaani baridi ya friji! Binti akauliza sasa kitu cha baridi hivyo kinaonekanaje, kijana akamjibu bodaboda ikija na taa kali usiku si unaweka kiganja ndo unaona aliyepanda, basi na wao wanaziba mwanga wa nyota kisha wanatafuta ule mwanga wa joto ambao jicho letu halioni, maana hata kitu cha baridi ya friji kinautoa kidogo.

Nilichopenda kuliko vyote ni ndoo. Alichukua ndoo ya maji akaizungusha kwa mikono miwili, akasema msiangalie ndoo niangalieni mimi, na kweli alikuwa anayumba. Ndivyo sayari inavyoiyumbisha nyota yake, na kwa kuyumba huko ndo wanajua sayari ipo hata kama haionekani. Mshtarii peke yake inaliyumbisha Jua kama mita 12 kwa sekunde, mwendo wa bodaboda tu, na kuzunguka mara moja inachukua karibu miaka 12, mtoto aanze la kwanza leo mpaka amalize kidato cha sita. 51 Pegasi b, sayari ya mwanzo kugunduliwa kwenye nyota inayofanana na Jua, mwaka 1995, inazunguka kwa siku nne tu kwa sababu imeigandia nyota yake, ndo maana iligunduliwa mapema. Hizi za baridi ziko mbali na nyota zao na zinazunguka taratibu, watu wanapima mwaka baada ya mwaka. Hata hii ya Epsilon Indi walishaona nyota inayumba, ila walipopiga picha wakaikuta siyo pale walipoitegemea, na nzito kuliko walivyodhani.

Na timu iliyopiga hiyo picha iliongozwa kutoka Heidelberg, Ujerumani, ambako hiyo nyota haichomozi kabisa, iko kusini mno. Sisi Mtwara tunaiona tumekaa kwenye mkeka! Mwanga wake unasafiri miaka 12 kufika hapa, kwa hiyo ule tuliouona ulitoka huko binti yangu hajazaliwa. Nilimwambia hivyo tukiwa kwenye bajaji, akanyamaza mpaka tunafika mjini.

Nampa nne kwa tano, hiyo moja ataipata akianza kwa muda. Nendeni usiku usio na mwezi, na mkifika mwambieni awaonyeshe ile ya chungwa.