La Bella 760FS: nyuzi bapa zinazoipa besi uzito wake

Nyuzi hizi za gita la besi zimezungushiwa utepe bapa wa chuma kisichoshika kutu badala ya waya wa mviringo, ndiyo maana vidole vinateleza bila mkwaruzo na freti (vijiti vya chuma vilivyopita kwenye shingo ya gita) haziliki haraka. Unene ni inchi 0.045, 0.065, 0.085 na 0.105. Sauti yake ni nzito, ya mviringo, na noti inakaa chini ya ngoma bila kugombana nayo. Anayepiga kwa kuchapa kwa kidole gumba azipite. Mlio mkali ule hautaupata hapa.

Kazi kubwa iko kwenye kufunga. Badilisha uzi mmoja mmoja. Acha kama sentimita 12 kupita kigingi cha kukazia uzi, kunja uzi kwa pembe kali kwanza, ndipo ukate. Ukikata bila kukunja, utepe hujifungua na uzi unakufa kabla haujapigwa.

Mvuto wake ni mkubwa, hivyo shingo huweza kupinda mbele. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya 7: milimita 0.3 inatosha. Ikizidi, legeza nyuzi, kaza fimbo ya ndani ya shingo robo mzunguko, tuni tena na upime. Mwishowe linganisha noti ya freti ya 12 ukiibonyeza na hamoniki yake, yaani mlio wa uzi ukiguswa kidogo tu juu ya freti hiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma tandiko la darajani, kipande ambacho uzi umekalia.

Siku za kwanza sauti yake ni kali kupita kiasi. Usizihukumu mapema.