TAHADHARI: Fundi wa "kukausha shamba" anayezunguka Mwakirunge na Utange

Jamani, wenye viwanja na mashamba upande wa Kisauni, hasa Mwakirunge, Utange na Kiembeni: kuna fundi anapita na pikipiki akiuza kazi ya kulaza paipu chini ya ardhi za kutoa maji yanayotuama. Ana maneno matamu, na huja mbele kidogo ya masika, watu wakiwa wameshaanza kuiogopa Mei. Jina lake silitaji hapa. Kazi yake mtaitambua.

Amemtapeli shangazi yangu. Kiwanja chake ni udongo wa mfinyanzi, si kama wenzetu wa Nyali waliojenga juu ya matumbawe, maji yakazama yenyewe. Masika yakikolea, maji husimama nyuma ya nyumba, mihogo inaozea ardhini na shimo la choo linajaa. Jamaa akamwahidi paipu za inchi 4, kokoto, kitambaa cha kuchuja tope na mteremko wa uhakika, yote kwa shilingi 38,000, nusu mbele. Pesa zikaenda kwa M-Pesa yenye jina jingine kabisa, ati ni laini ya mkewe.

Mtaro ukachimbwa futi mbili, mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo penye mchezo wote. Kiwanja ni tambarare, na ukichimba kina kimoja kote kwenye tambarare, paipu nayo italala tambarare. Kwa kazi za nyumbani mafundi wengi hufuata sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo paipu ya mita 30 mdomo wake unatakiwa uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 30. Maana yake mtaro lazima uzidi kuwa mrefu kwenda chini kadiri unavyosonga. Mkiona kina hakibadiliki na ardhi haishuki, msimamishe kazi. Mashamba makubwa ya ng'ambo huweza kuteremsha sentimita 10 au 20 tu kwa mita 100, lakini hao wanalaza kwa mitambo ya leza. Mtu wa jembe na beleshi asikudanganye kwamba naye anafika huko.

Shangazi alimuuliza mteremko uko wapi. Jamaa akachomoa pimamaji, akailaza juu ya paipu, kile kipovu kikatulia katikati kabisa, naye akajigamba: "Waona, mama, ilivyonyooka?" Kipovu kikikaa katikati, paipu haina mteremko hata chembe! Alijitolea ushahidi yeye mwenyewe, na bado akalipwa. Alipobanwa zaidi akasema maji hujitafutia njia. Kufika alasiri mtaro umeshafukiwa na salio ameshalitia mfukoni.

Mvua ziliponyesha, nyuma ya nyumba palikuwa palepale. Jirani akatuletea mzee mmoja fundi, akaja na mpira mwembamba unaoonekana ndani, akaujaza maji na kuyalinganisha mwanzo wa paipu na mdomo wake. Mdomo ulikuwa juu kwa vidole vinne. Yaani maji machache yaliyoingia yalikuwa yakirudi nyumbani.

Tukafukua. Paipu ni zile za kijivu za maji taka, zimetobolewa kwa msumari wa moto, tena upande wa juu tu. Matundu hutakiwa yaelekee chini, ili maji ya ardhini yakianza kupanda tu yaingie. Yakiwa juu, mtaro lazima ujae kwanza ndipo paipu ionje maji. Kokoto ilikuwepo mita chache za mwisho, pale ambapo mwenye nyumba husimama kutazama. Kwingine kote alirudishia udongo uleule. Kitambaa hakuna, tope limeshakula nusu ya paipu, na mdomoni hakuweka wavu, basi panya wakahamia bila kulipa kodi. Isitoshe, risiti yake ilisema paipu 8. Kila moja ni mita 6 na mtaro ni mita 30. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ataifanya.

Akikujia, swali la kwanza ni maji yatatokea wapi. Kama huna mahali palipo chini ya mwisho wa paipu, hakuna fundi wa kukusaidia kwa njia hii, na huyu bwana dawa yake ni kuelekeza mdomo kwa jirani. Ugomvi wake mtaumaliza nyinyi, yeye hayupo. La pili, asifukie hata shepe moja kabla hujamwaga ndoo za maji upande wa juu na kuyaona yakitoka upande wa chini bila kutuama katikati. Mpimie kwa mpira wa maji, pimamaji fupi juu ya paipu ndefu haitoshi. Na fungu kubwa la pesa libaki kwako mpaka hapo. Akianza kuharakisha kufukia kwa sababu ati mvua inakuja, mjue ndiye.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili makandarasi na pia mafundi, kwa hiyo kumwomba mtu kitambulisho cha usajili si kumvunjia heshima. Huyu akiombwa husema amekisahau nyumbani.

Sisi tunapeleka shauri Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na mtu anaweza kujitetea bila wakili. Wengine mliolizwa naye, msifute ujumbe wa M-Pesa, pigeni picha ya mtaro mkiufukua na wekeni futi kamba ionekane pichani, kisha mniandikie faraghani. Na kama ameshachukua nusu yako lakini hajafukia, toka sasa hivi uende na ndoo.