ELM327 ya elfu 25, na injini ambayo haikuwa ikipata moto

Assalaam aleikum wadau. Nataka kusema kuhusu hichi kijidude cha ELM327, kile kiplagi unachokichomeka chini ya usukani halafu gari inazungumza na simu yako kwa bluetooth. Naona hapa Unguja watu wengi wanakinunua kwa ajili ya kufuta taa ya cheki injini tu basi, wakati kwa mie kazi yake kubwa ni nyengine kabisa, kukuonesha injini imepata moto au bado, tena kwa namba.

Chombo changu ni Vitz na Vitz kama mnavojua haina mshale wa tempereja, ina taa ya bluu tu, ukiwasha asubuhi inawaka ukienda kidogo inazima, na ikichemsha ndo inakuja nyekundu. Baina ya hizo mbili hujui kitu. Na ile bluu huzima mapema, injini bado haijafika kwenye joto lake la kazi, ndo maana mtu anaona taa imezima anaikanyaga mafuta mpaka chini akijua mambo tayari.

Nimekinunua Mlandege kwa elfu 25, muuzaji muungwana kaniruhusu nikijaribu kwenye gari kabla sijalipa. Kukifunga hakuna kazi, unachomeka, unafungua swichi, unakiunga na simu kwa namba ya siri 1234 (vyengine 0000), unaweka kwenye simu programu ya Torque, unachagua joto la maji ya injini, basi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Asubuhi ya kipupwe, mwezi wa saba, natoka Mpendae. Kwenye foleni ya Mwanakwerekwe namba ikapanda taratibu mpaka digrii sabini na kitu, nikasema sawa. Nilivoshika njia ya Tunguu barabara nyeupe nikaongeza mwendo, na badala ya namba kupanda ikaanza kushuka, 68, 65, 61, injini inafanya kazi na joto linakimbia! Nikisimama linapanda, nikienda linashuka. Fundi wangu alipoiona ile namba hakubisha hata dakika, kafungua nyumba ya themostati, kile kidude kinachochunga joto la maji ya injini, ndani tupu. Gari nimeinunua mkononi kwa mtu, fundi wa huko nyuma alishaitoa.

Na hili jambo limejaa hapa kwetu, Unguja na Pemba. Gari ikichemsha tu, fundi anang'oa themostati, anakwambia huku joto, hiyo ni ya Wajapani wenye barafu. Jamani sivyo. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, halafu iyafungulie kidogo kidogo joto libaki pale pale. Kwa Toyota nyingi hufunguka kwenye digrii 82 hivi. Joto letu la nje hata likifika 32 bado lipo mbali sana na 82, kwa hiyo kwa injini Zanzibar nako ni baridi! Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tokea ulipotia ufunguo, kompyuta ya gari inasoma injini bado baridi inazidi kumwaga petroli, petroli isoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyengine inateremka mpaka kwenye oili yenyewe, oili inakuwa nyepesi, mafuta yanakwenda hujui yanakwendaje. Na zipo injini ambazo ukitoa themostati ndo zinachemsha zaidi, kwa sababu ile ile themostati ndo inayoziba njia ya mkato, isipokuwepo maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni maji tunayotia. Maji ya visima vyetu ni ya mawe ya matumbawe, mazito na pengine na chumvi, yanaganda magamba ndani ya rejeta, themostati inashika kutu inakwama imefungwa, gari inachemsha, fundi analaumu themostati. Tieni kuulanti jamani, yale maji maalumu ya rejeta, hata ile ya kijani ya kawaida, siyo maji ya bomba. Na themostati mpya kabla hujaifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka maji yakikaribia kuchemka, kama haifunguki irudishe dukani.

Tumeweka mpya, tumesafisha rejeta, tumetia kuulanti, na kijidude nimekiacha kinasoma. Sasa inapanda mpaka inapita 80, halafu nikienda Tunguu nikisimama foleni inacheza 85 mpaka 93 hivi, feni inaingia inashusha, haiendi kokote. Raha ya namba ndo hiyo, unaona kitu chenyewe siyo kubahatisha.

Na kitu chengine kilichonifunza ni huku kuacha gari inanguruma uwani asubuhi. Ukiwasha na kuiacha pale namba inapanda kwa uvivu sana, ukiondoka taratibu inapanda haraka zaidi, kwa sababu injini inapata joto kwa kufanya kazi. Dizeli ndo mbaya zaidi, ikisimama tu inachelewa kupata moto. Wazee wetu walikuwa na kabureta na choki, wao kweli ilibidi wasubiri, hizi za sindano, zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, hazitaki. Mie nawasha, nasubiri ile resi ya mwanzo ishuke kidogo, kama nusu dakika mpaka dakika moja, naondoka, sipitishi mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka namba inafika 80, na hata hapo naipa dakika chache nyengine maana oili huchelewa kupata moto kuliko maji, na kijidude hichi joto la oili kwenye Vitz hakikuoneshi.

Ami yangu yupo Njombe, na huko mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kweli, Makete hata jalidi inaanguka. Nimemwambia vile vile, dakika mbili za kusubiri zinatosha kwa petroli, ufute kioo, uondoke pole pole, na themostati iwepo. Wenye kuhitaji kupasha injini kwa umeme kabla ya kuwasha ni wale wa Canada na Urusi, huko ni chini ya sifuri digrii ishirini na zaidi.

Kasoro za kijidude. Ukikiacha kimechomekwa kinakula betri pole pole, gari ikikaa siku nyingi bila kuwashwa utakuta haiwaki, kichomoe. Kinachelewa kidogo kusoma, lakini joto halibadiliki ghafla kwa hiyo hainisumbui. Vingi vya dukani ni makopi ya Kichina, vilivoandikwa toleo 2.1 vinakataa baadhi ya gari, tafuteni toleo 1.5. Gari kongwe hakisomi kabisa, shemegi yangu wa Wete ana Noah ya mwaka 1998, tumejaribu, hakuna kitu, yeye aangalie mshale wake tu.

Kwa elfu 25 mie naridhika nacho sana. Wenye iPhone msichukue hichi cha bluetooth ya kawaida, ulizeni cha wifi, na popote mtakaponunua kijaribuni kwenye gari yenu kwanza ndo mtoe pesa.